Mgeni na Mwenyeji Wake: Uchambuzi wa Biashara na Uhamaji katika Zama za Kale na za Kati

Wasomaji wengi wa tarehe, wanaposimuliwa biashara ya zamani, husimuliwa bidhaa: pembe na dhahabu, hariri na pilipili, bati na shaba, zikitoka bandari hii kwenda bandari ile kana kwamba zina miguu yao wenyewe. Na wanaposimuliwa uhamaji, husimuliwa kabila zima lililoondoka na wazee wake na mifugo yake, likavuka mto au jangwa, likashukia nchi mpya na kuifanya yake. Baina ya masimulizi haya mawili amepotea mtu wa tatu, ambaye kwa rai yangu amefanya kazi kubwa kuliko yanavyokiri vitabu, naye ni yule msafiri mmoja aliyekwenda ng'ambo na mali, aghlabu mali ya wengine, akakawizwa huko na upepo au deni au ndoa, hata dhuria yake wakawa watu wa mahali pale na lugha yao ikawa ya mahali pale. Tukimtazama huyu kwa makini, hatukawii kumwona mwingine aliyesimama nyuma yake, ambaye ni mwenyeji aliyempokea; na hoja nitakayoitetea katika kurasa hizi ni kwamba biashara ya masafa marefu ilimtegemea mwenyeji huyo kuliko ilivyotegemea jahazi au ngamia, na kwamba sura ya jamii iliyozaliwa na biashara ilifuata masharti ya kupokelewa kwa mgeni.

Ushahidi wa kwanza ulio kamili hautoki baharini. Umefukuliwa katika kilima cha Kültepe, katikati ya nchi ya Uturuki ya leo, palipokuwa na mji wa Kanesh, ambapo wafanyabiashara wa Ashur, mji uliokuwa kando ya mto Dijla katika Iraki ya kaskazini, waliacha katika nyumba zao vibao vya udongo zaidi ya 22,000, vingi vikiwa vya karne ya 19 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Watu hawa walipakia punda bati na nguo, wakasafiri nao masafa ya kilomita 1,000 hivi kwa muda wa wiki nyingi, wakauza Anatolia na kupeleka kwao fedha na dhahabu. Ashur haikuwa na jeshi la kuitisha Anatolia, wala haikutawala Kanesh. Waashuri walikaa mtaa wao chini ya ngome ya mfalme wa pale, wakawa na baraza lao la kuamua kesi zao, na walifungamana na wafalme wa nchi kwa mapatano ya kiapo: mfalme atatoza ushuru na atakuwa na haki ya kuchagua nguo kabla ya wengine, naye kwa upande wake atalinda njia, na mali ikiporwa katika ardhi yake atadaiwa fidia. Ni mapatano ya mwenyeji na mgeni yaliyoandikwa karibu miaka 4,000 iliyopita, na sioni kwamba karne zilizofuata ziliongeza katika msingi wake jambo kubwa.

Walakini mapatano ya wafalme ni nusu ya habari, na nusu ya pili imo ndani ya nyumba. Mfanyabiashara aliyekaa Kanesh miaka kumi alikuwa na mke Ashur, na mara nyingi alioa mke wa pili huko Anatolia. Mikataba ya ndoa iliyosalia humruhusu kufanya hivyo, ila humkataza kuwa na wake wawili katika nchi moja, au kuwapa wote wawili daraja moja. Mke wa Ashur hakukaa bure akingoja. Alifuma nguo yeye na mabinti na wajakazi wake, akazipeleka kwa msafara, na akaandika barua kudai fedha yake. Zimetufikia barua za mmoja wao, Lamassi, mke wa tajiri mashuhuri aliyeitwa Pushu-ken, ambamo anajitetea kuhusu nguo alizofuma, anamwambia mumewe kwamba jirani amekwisha jenga nyumba mbili tangu yeye alipoondoka, na kumwuliza wao watajenga lini. Mumewe alikuwa na shughuli zake: barua nyingine yatujulisha kuwa aliwahi kutiwa kifungoni na jumba la mfalme kwa sababu ya mali ya magendo aliyopelekewa. Nataja habari hizi ndogo kwa makusudi, maana zatuonyesha kwamba ile iitwayo njia ya biashara ilikuwa nyumba mbili zilizofungamana, moja huku na moja kule, na kwamba mwanamke wa kule ng'ambo, ambaye jina lake hutajwa mara moja tu katika mkataba, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kweli. Watoto wake walijua lugha mbili, na wengine wao walikuja kubeba majina ya Kiashuri na wengine ya Kianatolia katika nyumba ileile.

Tukitoka barani tukaingia Bahari ya Hindi, twakuta sababu mpya ya kukawia, ambayo haina haja ya mfalme wala baraza. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hata Machi, ikayaleta majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi mpaka pwani ya Afrika. Kisha kusi hushika zamu na kuyarejesha, isipokuwa katikati ya mwaka inapochafuka bahari hata mabaharia wakaifunga. Chombo kilichotoka Ghuba kikaishia Lamu au Mombasa kiliweza kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Kilichotaka kufika Kilwa kilikuwa katika hatari ya kukosa upepo wa kurudia, na kilichotaka dhahabu ya Sofala hakikuwa na budi ila kungoja msimu mwingine. Miezi hiyo ya kungoja haikupangwa na mtu, nayo imezaa mambo makubwa, kwa kuwa mfanyabiashara anayengoja miezi mitano au sita huhitaji chumba cha kulala, ghala ya mali, mtu wa kumpikia, mahali pa kuswali, na mtu wa kumwambia bei za soko pasi na kumdanganya.

Mabaharia wa kale walilifahamu jambo hilo mapema. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina, kinapofika habari za Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani Afrika ya mashariki, chasema kwamba watu wa Muza, bandari ya Yemen, walikuwa wakipeleka huko manahodha na mawakala Waarabu ambao waliwajua wenyeji, walioana nao, na kufahamu lugha yao. Kitabu hicho ni orodha ya bei na bandari, kimeandikwa na mtu asiye na hamu ya mambo ya ndoa. Kama alilitaja hilo, ni kwa sababu aliliona kuwa ni taarifa ya biashara, sawa na kutaja kwamba mikuki na mashoka ya Muza yananunuliwa Rhapta na kwamba pembe za ndovu na magamba ya kasa vyapatikana. Aidha anaeleza kwamba kiasi fulani cha divai na nafaka kilipelekwa pasipo nia ya kuuza, kwa ajili ya kupata mapenzi ya wenyeji. Zawadi iliingia katika hesabu ya safari kabla ya faida.

Lakini maelezo yaliyo bora kupita yote juu ya taratibu ya kupokea wageni yametoka kwa Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tangier, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Alishuhudia kwamba jahazi linapotia nanga, vijana wa mji hulikimbilia kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sinia ya chakula iliyofunikwa, naye huiweka mbele ya mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara haendi kukaa ila kwa kijana yule, isipokuwa kama amezoea mji na kujua watu wake. Mwenyeji ndiye atakayemwuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au akamwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo huhesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe alipewa sinia kama wengine, na vijana walipoambiwa kuwa huyu si mfanyabiashara ila ni mtu wa elimu, wakajibu kwamba basi mwenyeji wake ni kadhi. Kumbe kila namna ya mgeni ilikuwa na mlango wake.

Wapo wanaolisoma tukio hilo wakasifu ukarimu wa watu wa pwani, na ukarimu ulikuwapo. Mimi naona ndani yake sheria ya soko iliyovikwa nguo ya ukarimu, tena iliyoshonwa kwa ustadi. Mgeni anapata ulinzi dhidi ya walaghai, kwa kuwa kupunjwa kwake ni kupunjwa kwa mwenyeji wake. Na kwa bei ya ulinzi huo anasalimisha uhuru wake wa kuuza apendavyo. Mji, kwa upande wake, umejihakikishia kwamba hakuna mali itakayopita bila ya kupita mkononi mwa mwananchi, na kwamba mwananchi huyo atakuwa mdhamini wa deni, mkalimani, mwenye ghala na shahidi. Tukumbuke kwamba zama hizo hapakuwa na dola ambayo amri yake ilifika pande zote mbili za bahari: mtu wa Ghuba akidhulumiwa Mogadishu, mtawala wa kwao hana la kumfanyia. Mahali pa dola pamekaliwa na nyumba ya mtu. Na ndipo tunapoelewa kwa nini mwenyeji mwenye busara alipenda kumwoza mgeni wake binti, maana mkwe haondoki na deni kirahisi, na kwa nini mgeni mwenye busara alikubali, maana mtu aliyeoa mjini hatozwi wala hapunjwi kama mpita njia.

Ng'ambo ya bahari, katika Bara Hindi, taratibu hiyo ilikwisha kuzaa jamii kubwa karne nne kabla ya hapo. Al-Masudi, aliyezuru bandari ya Saymur karibu na Mumbai ya leo mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917, alikuta huko Waislamu wapatao 10,000: wengine wa Siraf, bandari ya Uajemi, wengine wa Oman, Basra na Baghdad, waliohamia na kuoa, na wengine waliozaliwa papo hapo Hindi kwa wazazi Waislamu, ambao walikuwa na jina lao la pekee, Bayasira. Mfalme wa nchi hakuwa Mwislamu. Aliwawekea mkuu miongoni mwao wenyewe awahukumu kwa sheria yao, kama Waashuri walivyokuwa na baraza lao Kanesh, pasipo mmoja kuiga wa pili. Mwaka huohuo wa 304, kwa maneno ya al-Masudi mwenyewe, alirudi Oman kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi hukielekeza Pemba, na huko alikuta Waislamu na Wazanji, yaani watu wa pwani ya Afrika, wasio Waislamu wakikaa pamoja, na Waislamu wakisema lugha ya Kizanji. Kwa hiyo ndani ya maisha ya msafiri mmoja tunaona mwambao wa mashariki na mwambao wa magharibi wa bahari moja vikifanya jambo moja, ila kwa tofauti kubwa: Saymur wageni walibaki jamii ndani ya jamii, na Qanbalu walikwisha poteza ulimi wao. Tofauti hiyo haielezwi kwa wema wa watu. Saymur mgeni alikuta dola yenye mfalme mkubwa, dini yenye makuhani wake na mgawanyo wa tabaka uliokataza kula na kuoana, hivyo akapewa mtaa. Pwani ya Afrika alikuta miji midogo ya wavuvi, wakulima na wahunzi iliyokuwa ikijijenga yenyewe, akapewa nyumba.

Jambo la itikadi lahitaji maneno hapa, kwa sababu ni rahisi kusema kwamba Uislamu ulienezwa na biashara na kuacha swali hapo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa midogo ya miti na udongo tangu karne ya nane, kisha ikakuzwa hata kufikia ya mawe. Mji wenyewe ulikuwa wa watu wa pwani, na vyungu vyao vilikuwa vya wafinyanzi wa Kiafrika. Mfanyabiashara wa ng'ambo aliyemkuta mwenyeji anayeswali pamoja naye alipata zaidi ya ndugu wa imani, kwani alipata sheria. Kadhi wa Kilwa na kadhi wa Aden walihukumu kwa vitabu vya namna moja. Ushirika wa mudharaba, ambamo mmoja hutoa mtaji na wa pili hutoa kazi, faida wakagawana na hasara ya mali ikamwangukia mwenye mtaji, ulifahamika na wote wawili pasipo tafsiri. Kusema hivi si kuipunguza imani ya wale waliosilimu. Ni kutaja tu kwamba mji uliokuwa na kadhi ulikuwa mji ambamo mtu aliweza kukopesha.

Yeyote anayedhani kwamba haya yalikuwa ya Waislamu pekee na asome karatasi za Kairo. Katika sinagogi la Ben Ezra, mjini Fustat, Mayahudi walihifadhi ghalani kila karatasi iliyoweza kuwa na jina la Mungu, hata zikakusanyika vipande zaidi ya 300,000, na miongoni mwavyo mna mamia ya barua na hesabu za biashara ya Hindi, ambazo S. D. Goitein alizifanyia kazi sehemu kubwa ya umri wake. Humo tunakutana na Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa al-Mahdiya ya Tunisia, aliyefika Mangalore, pwani ya Malabar, kabla ya mwisho wa 1132, akakaa miaka kumi na saba hivi, akaweka karakana ya vyombo vya shaba ambapo wateja wa Aden walimpelekea shaba kuukuu iyeyushwe na kufuliwa upya, naye akawapelekea pilipili, chuma na popoo. Mwenyeji wake kwa upande wa Aden alikuwa Madmun bin Hasan, wakili wa wafanyabiashara na mkuu wa Mayahudi wa Yemen, aliyempokelea mali, akamlipia ushuru, akamtumia karatasi, sukari na zabibu, na kumwandikia nani mwaminifu na nani si mwaminifu. Upande wa Hindi alikuwa na mshirika na mtumwa aliyeitwa Bomma, aliyesafiri mpaka Aden kwa niaba yake na kuaminiwa fedha nyingi. Na katika Oktoba 1132 aliandika hati ya kumwacha huru mjakazi, Ashu, ambaye wataalamu wengi wanaamini ndiye aliyekuwa mama wa watoto wake.

Mwaka 1149 Ben Yiju alirudi Aden na watoto wake na mali yake. Huku nyuma, mji wake wa kuzaliwa ulikuwa umetwaliwa mwaka uliotangulia na Wanormani wa Sicily, na jamaa zake wametawanyika. Akawaandikia ndugu zake barua akitaka binti yake aolewe na mtoto wa mmoja wao kuliko kuolewa na mgeni, na hilo likatimizwa Misri mwaka 1156. Ni habari ya kutafakari: mtu aliyeishi miaka yote hiyo kwa fadhila za wenyeji wasio wa dini yake, na ambaye watoto wake aghlabu walikuwa nusu Wahindi, alipokuwa na binti wa kuoza alirudi katika damu ya baba yake. Uhamaji wa kibiashara ulikuwa na mlango wa kurudia, na wengi walioacha maandishi ni wale waliorudi. Waliobaki hawakuwa na sababu ya kuandika barua ndefu kwa ndugu, hivyo sauti zao zimo zaidi katika misingi ya nyumba na katika majina ya wajukuu.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba mwenyeji alikuwapo daima. Uthabiti wa hoja hupimwa pale anapokosekana, na kipimo kikali kabisa kimo katika nchi ya China. Mwaka 1907 Aurel Stein alipata katika mnara wa ulinzi karibu na Dunhuang mfuko wa barua za Wasogdi, watu wa Samarkand waliotawala biashara ya bara la Asia ya kati, zilizoandikwa katika karne ya nne, muda mfupi baada ya mji mkuu Luoyang kutekwa na kuchomwa. Mbili kati yake ziliandikwa kwa ajili ya mwanamke, Miwnay, aliyeachwa Dunhuang na mumewe pamoja na binti yao. Alikwenda kwa jamaa wa mumewe, kwa wakuu wa jumuiya ya Wasogdi, kwa kila aliyestahili kumsaidia arudi kwao, na kila mmoja akamwelekeza kwa mwingine. Binti anaandika kwamba wamekuwa watumishi wa Wachina. Mama kwa ghadhabu anamwambia mumewe kuwa kheri angekuwa mke wa mbwa au nguruwe. Barua hizo hazikufika. Katika fasihi yote ya biashara ya kale sijui maneno yaonyeshayo vizuri zaidi nini hutokea utando wa wenyeji unapokatika: mali hupotea mara moja, na mwanamke aliyeletwa na mali hiyo hubaki peke yake mahali pasipo mlango.

Karne nne na nusu baadaye mambo yalirudi kwa ukubwa wa kutisha. Katika 758 Waarabu na Waajemi waliushambulia na kuupora mji wa Guangzhou, wao waliokuwa wageni wake. Katika 760, wakati wa fitina iliyoanzishwa na jemadari An Lushan, ambaye baba yake alikuwa Msogdi, askari waliowaendea waasi Yangzhou waliwaua maelfu ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi. Na mwaka 879 majeshi ya mwasi Huang Chao yalipoingia Guangzhou yakachinja jamii ya wageni ya Waislamu, Mayahudi, Wakristo na Wazoroastri. Abu Zayd wa Siraf ataja idadi ya 120,000, ambayo si lazima kuiamini ili kuelewa kuwa mji mzima wa wageni ulifutika. Majahazi ya Ghuba yaliacha kwa muda mrefu kwenda China moja kwa moja, yakaishia bandari za rasi ya Malay. Wageni wa China waliishi chini ya dhamana ya dola. Dola ilikuwa mwenyeji mmoja mkubwa, na ilipoanguka hapakuwa na nyumba elfu za watu wa kawaida za kuwaficha.

Iko namna ya uhamaji ambayo hoja yangu haiwezi kuipamba, nayo ni ya mtumwa. Yeye pia alivuka bahari kwa msimu, katika majahazi yaleyale, na alipofika hakukuta mwenyeji, alikuta mmiliki. Katika mabwawa ya chumvi kusini mwa Iraki watumwa waliotumwa kazi ya kukwangua ardhi waliasi mwaka 869, wakauteka mji wa Basra mwaka 871, na wakapigana na khilafa mpaka 883. Uasi huo umeitwa kwa jina la Wazanji, ingawa ndani yake walikuwamo watu wa asili mbalimbali na wanavyuoni hawajakubaliana ni wangapi walitoka pwani yetu. Huko Kilwa nako, Ibn Battuta aeleza bila ya kuona haya kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, alikuwa akiwavamia watu wa bara na kutoa humusi ya ngawira kwa masharifu waliomjia kutoka Hijazi na Iraki. Karamu ya mgeni ililipwa na mtu mwingine, na tarehe inayomsifu mwenyeji bila ya kutaja hilo imeandikwa na mgeni aliyeshiba.

Imebaki Kilwa yenyewe, na swali ambalo limeshughulisha wengi: je, watu wa pwani ni wahamiaji wa Shirazi, au ni Waafrika waliojitungia nasaba? Tarehe ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa Kiarabu na kwa muhtasari wa Kireno wa João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, yaeleza kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kwa merikebu kutoka Shiraz na kukinunua kisiwa kwa mtawala wa Kiafrika kwa nguo za kukizunguka. Wasomi wa zama zilizopita walilisoma hilo kama kumbukumbu ya uhamaji mkubwa, kisha wengine wakaliona kuwa ngano tupu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, kwa mifupa ya watu 80 wa miji ya pwani na mji mmoja wa bara, wengi wa baina ya 1250 na 1800, umewafedhehesha kwa kiasi wote wawili. Katika wengi wa watu wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya damu ilikuwa ya Kiafrika, nayo imetoka hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobakia ilikuwa ya Asia, na karibu yote hiyo imetoka kwa wanaume wa Kiajemi. Na michanganyiko ilianza yapata mwaka 1000. Watu hao wamezikwa karibu na misikiti na makaburi ya wenye daraja, hivyo hawawakilishi kila mvuvi. Lakini mtu aliyesoma habari za Kanesh na Rhapta na Mogadishu hawezi kushangaa: ndiyo hesabu hasa inayotokea pale wanaume wachache, msimu baada ya msimu, wanapopokelewa katika nyumba za wanawake wenyeji. Lugha ilibaki ya mama. Nasaba iliandikwa kwa jina la baba, kwa kuwa nasaba ilikuwa hati ya kukopeshwa Shiraz na Aden, na hakuna wakili wa Aden aliyehitaji kujua jina la bibi mzaa mama.

Hata ile habari ya nguo, ambayo huonekana kama hadithi ya watoto, nadhani yasema kweli zaidi ya wasimulizi wake. Haisemi kwamba kisiwa kilitekwa. Yasema kwamba kulikuwa na mwenyeji, kwamba alitoa ruhusa, na kwamba ruhusa hiyo ilikuwa na bei katika bidhaa iliyotoka ng'ambo. Na madai yote ya watawala wa Kilwa yalisimama juu ya kukumbuka kwamba bei ililipwa.

Wareno ndio waliokuja wakiwa hawataki mwenyeji. Vasco da Gama alipokelewa Malindi mwaka 1498 kwa taratibu ya zamani, akapewa chakula na rubani; lakini mwaka 1502 alifika Kilwa na mizinga akamlazimisha mtawala wake kutoa kodi ya dhahabu, na Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora, na kujenga ngome kando ya maji. Waliamini kuwa aliye na bandari ana dhahabu. Nyumba zilizokuwa zikipokea dhahabu ya bara, zikikopesha nguo na kuoza mabinti tangu Sofala mpaka mto Zambezi, ziliondoka kimyakimya zikahamia Angoche, zikafungua njia nyingine ambayo Wareno hawakuilinda, na ushuru wa Sofala ukapungua. Mwaka 1512 askari wa Kireno waliiacha ngome yao ya Kilwa wakaenda zao, kwa kuwa haikuwa na cha kulinda.